Akiba ya Kupaua Imekwenda, Nimwambieje Mume Wangu?

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa, nina mume na watoto watatu. Mwanzoni mwa mwaka rafiki aliniunganisha na kundi la WhatsApp ambalo wanachama wake walikuwa wakilipwa kwa kufanya kazi ndogondogo katika programu ya simu, kama vile kuzipa nyota hoteli ambazo hawajawahi kuziona. Niliweka shilingi 50,000 nikarudishiwa 68,000, nikaweka tena nikalipwa tena, na kadiri nilivyopanda "ngazi" nikaingiza akiba yetu yote ya kupaulia nyumba, shilingi milioni 7.8. Nilipotaka kutoa niliambiwa nilipe kwanza kodi ya shilingi 600,000. Nikalipa, na siku iliyofuata programu haikufunguka tena na kundi lilikuwa limefutwa. Mdogo wangu, ambaye nilimshawishi mwenyewe, amepoteza 900,000. Mume wangu anaamini fedha iko SACCOS. Silali, nawafokea wanafunzi bila sababu, nashika simu usiku kucha kutazama kama programu imerudi, na kuna usiku natamani nisiamke. Nifanye nini ili moyo utulie? – Mwalimu, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jambo zito kuliko yote umeliweka katika maneno machache karibu na mwisho wa barua, nami nitaanza nalo. Kutamani kutoamka baada ya hasara ya namna hii huwapata watu wenye akili timamu kabisa, lakini si jambo la kukaa nalo peke yako. Kabla ya mazungumzo yoyote kuhusu fedha, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini maneno hayo hayo uliyoniandikia, kisha nenda hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Kama hutaki kutaja utapeli siku ya kwanza, inatosha kusema kwamba hulali na kwamba una mawazo ya kufa. Ukiona mawazo hayo yanageuka kuwa mpango, usisubiri kupambazuke. Mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa tuitazame hasara yenyewe. Mtu akifiwa, majirani hukaa matanga, hutandika mikeka na kuleta chakula, na hakuna anayemuuliza mfiwa kwa nini hakumzuia marehemu asife. Aliyetapeliwa hana matanga. Anajua kwamba akifungua mdomo atajibiwa "tamaa mbele, mauti nyuma", na kwa kuihofia methali hiyo hunyamaza, akaomboleza huku anasahihisha madaftari na kuandaa chakula cha jioni kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa maoni yangu ukimya huo unakukosesha usingizi kuliko zile milioni zenyewe. Na methali hiyo, ambayo watu wetu huitoa haraka mno kwa aliyeumizwa na kwa nadra sana kwa aliyeumiza, haikuhusu. Wewe hukutafuta utajiri wa usiku mmoja, ulitafuta mabati.

Ulinaswa na mpango uliotengenezwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Zile 68,000 za kwanza zilikuwa chambo, na huenda zilitoka kwa mtu mwingine aliyetangulia kuingia, lakini zilipofika katika simu yako zilikuwa fedha halisi, na ni kawaida ya mwanadamu kuamini alichokwisha kukipokea mkononi. Ama ile kodi ya 600,000, ambayo nadhani ndiyo inayokutesa zaidi kwa kuwa pengine ulikwisha kuanza kushuku, iko namna ya kuielewa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyotufurahisha, na kwamba mtu aliyekwisha kutumbukia katika hasara huwa tayari kubahatisha kwa namna ambayo asingethubutu akiwa salama. Tapeli anaijua tabia hiyo bila kusoma kitabu chochote, ndiyo maana "kodi" huidai mwishoni, wakati mtu ameshaingiza kila alichonacho.

Mume wako ni lazima ajue, na ajue kutoka kwako, kabla fundi hajaanza kuulizia mbao. Natambua kwamba wapo wanawake ambao kusema jambo kama hili kunaweza kuwaletea kipigo. Ikiwa hofu yako ni hiyo, usiseme mkiwa wawili tu. Waombe mshenga wenu, au msimamizi wenu wa ndoa, au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, akae nanyi. Ikiwa unachohofia ni hasira na maneno makali, basi hayo yatakuja na yatapita. Chagua wakati ambapo watoto hawapo na hakuna anayekimbilia kazini, uwe na karatasi yenye tarehe na kiasi cha kila muamala, na utaje hesabu yote kwa mara moja. Wengi hutaja nusu ili kupunguza makali, na nusu ya pili inapogundulika baadaye huonekana kuwa uongo mpya. Sema kwa ufupi: "Baba watoto, fedha ya kupaua haipo SACCOS. Nimetapeliwa kwenye simu milioni nane na laki nne, na nilikuficha kwa sababu ya aibu." Kisha nyamaza umwache aseme, bila kumtupia lawama yule rafiki aliyekuunganisha. Mumeo ana haki ya kukasirikia mambo mawili, kupotea kwa fedha na kufichwa, na usishangae hilo la pili likachukua muda mrefu zaidi kupoa.

Katikati ya hapa na mazungumzo hayo kuna kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kukopa kimyakimya ili kuirudisha akiba kabla hajagundua. Usikope. Mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kubwa, au hata wa benki unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka kadhaa, utakuongezea siri ya pili juu ya ya kwanza, na hiyo ya pili itakuwa na riba.

Kuhusu mdogo wako, mwombe radhi kwa kumshawishi, bila kujieleza sana, na umwachie nafasi ya kukukasirikia. Kama mtakubaliana kwamba umsaidie sehemu ya zile 900,000, iwe kidogo kidogo kutoka katika kipato chako na mumeo awe anajua. Kumbuka tu kwamba nawe ulikuwa umedanganywa ulipomwita, hukumwibia.

Nenda pia kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako, ukiwa na taarifa ya miamala kutoka kampuni yako ya simu, namba zilizopokea fedha na picha za mazungumzo, na namba hizo uziripoti kupitia 15040, iliyowekwa nchini kwa ajili ya utapeli wa simu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ulichofanyiwa ni kosa la jinai. Sikuahidi kwamba fedha itarudi, kwa sababu mara nyingi hairudi. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu hapa nchini, ambako watu wa kila daraja la elimu "walipanda mbegu", yaani waliweka fedha wakitarajia kuvuna zaidi, hadi ukaporomoka mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013, na moyo wako hauwezi kungoja miaka minne. Lakini polisi utaandikwa mlalamikaji, na kwa mtu ambaye kwa wiki nyingi amejishtaki na kujihukumu peke yake, kuliona neno hilo kando ya jina lake kuna nafuu yake.

Usiku, simu ilale chumba kingine. Kama unahitaji kengele ya kukuamsha, nunua saa. Badala ya kuitafuta programu, jaribu zoezi lililotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker: andika kwa robo saa, siku nne mfululizo, kila unachokihisi kuhusu tukio hili, bila kujali mwandiko wala sarufi, kisha karatasi uzichane ukipenda. Wapo ambao siku ya kwanza hujisikia vibaya zaidi. Ukiona maumivu yanazidi kila siku, acha, na ulipeleke jambo hilo kwa mhudumu utakayemwona hospitali.

SWALI: Shikamoo Mama. Mama yangu ni mjane na anaishi Kisauni, Mombasa. Kwa mwaka mzima alizungumza kwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kama mhandisi wa meli, akamtumia zaidi ya shilingi laki tatu za kukomboa kifurushi kilichodaiwa kuzuiwa na forodha. Nilimthibitishia kwamba picha za mtu huyo ni za mwanamume mwingine kabisa. Tangu siku hiyo hataki kuzungumza nami, na nadhani bado anasubiri ujumbe. – Mwana, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako amepotelewa na vitu viwili, nawe umezungumza naye kuhusu kimoja. Fedha unaiona kwa sababu ina hesabu, lakini kwake kulikuwa pia na mtu aliyemuuliza kila asubuhi ameamkaje, na kwa mjane hilo si jambo dogo hata kama aliyeuliza alikuwa mwongo. Usiendelee kumletea ushahidi, kwa kuwa ameshauona. Mwambie unasikitika kwamba amempoteza mtu aliyempenda, kisha mtembelee bila kuitaja habari hiyo. Wala usimnyang'anye simu, kwani utamfundisha kuficha vizuri zaidi. Jihadhari, hata hivyo, na wimbi la pili: namba za waliotapeliwa huuzwa, na baada ya miezi michache huenda akapigiwa na "wakili" au "mpelelezi" anayeahidi kurudisha fedha endapo atalipwa ada kwanza. Mwombe mama mkubaliane kwamba kwa sasa kila ombi la fedha kutoka kwa mtu asiyemfahamu uso kwa uso mtalisoma pamoja kabla ya kutuma chochote, hata likiwa la shilingi mia.