Rampu ya mita mbili inatosha ofisi ya kijiji?

Swali: Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Chamwino. Tunajenga ofisi, na mlangoni kuna ngazi tatu. Fundi anasema rampu ya mita mbili inatosha, tena ni hisani tu, hatulazimishwi. Kipimo sahihi ni kipi, na kilitoka wapi?

Jibu: Ndugu Mtendaji, mita mbili hazitoshi, na hisani haimo hapa. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Rampu yenu iwe mita 5.4. Kwenye hiyo ya fundi, mwenye kiti mwendo hapandi bila kusukumwa, na akishuka anaporomoka. Uwanja ukiwa mfinyu ikunjeni, na penye kona wekeni sehemu tambarare ya mita 1.5 ageuzie kiti. Fundi asipige niru, yaani asisawazishe juu kwa saruji laini. Aburute ufagio juu ya zege lingali bichi ili libaki na mikwaruzo. Rampu za vigae vinavyong'aa zinanisikitisha sana: mvua ya Desemba ikishuka, hata asiye na ulemavu anateleza.

Kipimo hicho kimo kwenye viwango vya Marekani vya 1961, vilivyotokana na utafiti ulioongozwa na Timothy Nugent, Chuo Kikuu cha Illinois. Ila vilikuwa vya hiari. Mwaka 1973 sheria ya hukohuko Marekani, kifungu cha 504, ikakataza kuwabagua watu wenye ulemavu popote penye fedha za serikali kuu, lakini kanuni za utekelezaji zikacheleweshwa miaka minne. Aprili 1977 watu wenye ulemavu, mwanaharakati Judith Heumann akiwemo, waliingia jengo la serikali San Francisco wakagoma kutoka. Walilala sakafuni zaidi ya wiki tatu, wengine bila wasaidizi wao. Kanuni zikasainiwa tarehe 28 mwezi huohuo.

Kwetu, sheria mbili za 1982 zilihusu matunzo na ajira. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikatamka haki ya kufika kwenye majengo ya umma. Ofisi ya kijiji ni jengo la umma, kwa hiyo mwonyeshe fundi sheria hiyo.

Kabla zege halijamwagwa, mwiteni mwanakijiji anayetumia kiti mwendo akague vipimo. Kimo cha mkono wa kushikia aseme yeye.