Kuhusu watoto na likizo ya Juni

Mwanangu,

Umeniuliza kama mama yako mdogo ataweza kukaa na watoto wako Pangani likizo nzima ya Juni. Kuweza ataweza. Wewe uliza atawapa kazi gani. Mtoto asikae mgeni. Akikaa mgeni wiki ya kwanza, ya pili anadai simu.

Bibi wa Bweni, kule ng'ambo ya mto Pangani, shangazi yake babu yako, hakujaliwa kuzaa, yeye wala mumewe, lakini ndio waliokuwa bibi na babu wetu, na kwao hakuna mjukuu aliyekaa kitako. Mkate wa kumimina ulikuwa na zamu zake: mdogo anachambua mchele, wa kati anakuna nazi, mkubwa yuko kwenye kinu. Vikombe viwili vya mchele uliolala majini, utwangwe na kuchekechwa mpaka ukiusugua vidoleni usisikie chenga. Tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko cha chai, iliki punje saba. Sukari, robo tatu ya kikombe, Bibi aliitia mwisho, uji ukishaumuka, kwa sababu sukari huulegeza. Hapo unakoroga kidogo tu, usiutoe upepo. Ukichelewa, unachacha na mkate unabonyea katikati. Ukiwahi, unapata kigae. Sufuria ipate mafuta na joto kwanza ndipo umimine; makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, kitako kinaungua na kati bado uji. Vifuu Bibi alivikataa: vinawaka kwa kishindo halafu vinakuacha njiani.

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha bidhaa, ulipopamba moto, mwenye sukari ndani alilala macho wazi. Bibi alikuwa na kilo moja tu, akiba ya Idi, ndani ya kopo la maziwa. Babu akataka ikatupwe mtoni. Bibi akamjibu, “Kakune nazi.” Mchele ulikuwa umeshalowekwa tangu alasiri. Mpaka alfajiri mikate sita imetoka na imegawiwa mtaani hadi kwa watu wa kivukoni, na nyumbani hakuna punje ya sukari ya kukamatiwa mtu. Babu hakuacha kutukumbusha kwamba nazi zote zile alizikuna yeye.

Sasa mdogo wangu ana magoti mabovu na jiko la gesi, na gesi haina moto wa juu. Tena ana huruma: mtoto akilia kidogo, anamwondolea kazi. Lakini huruma nayo si dhambi. Bibi wa Bweni alikuwa mkali, na wapo ndugu zako waliomkimbia. Hata hivyo, mtoto asikae mgeni. Nimeshasema.

Mimi sikuamulii, watoto ni wako. Ningekuwa na nafasi ya kusema ningesema wiki mbili kwanza, lakini sisemi. Ukiwapeleka, wapelekee mbuzi ya kukunia, ile ya pale imelegea meno, na sufuria nene yenye kifuniko cha bapa kinachokaa makaa. Mdogo achambue mchele. Mkubwa akune, ila mwambie aache nazi inapokaribia kifuu: vile vyeusi vikiingia, tui linapoteza weupe. Kifuniko cha makaa akiinue mama yako mdogo mwenyewe.

Mama yako