Faini, fidia au zuio?

Swali: Mwalimu, ninatengeneza sabuni hapa Bukavu na chapa yangu nimeiandikisha. Kuna mtu sokoni Kadutu anauza yake katika karatasi inayofanana kabisa na yangu. Nimeandika hivi: "Naomba tribinali imtoze faini yangu na imweke kizuizini asiuze tena." Shemeji wa Kigoma amecheka sana. Nimekosea wapi?

Jibu: Mama, shemeji amecheka kwa sababu umeomba mtu afungwe! Anayewekwa kizuizini amenyimwa uhuru wake. Kizuizi chenyewe ni kitu kinachoziba njia, ile bariyeri yetu ya barabarani. Wewe unataka zuio: amri ya kumkataza asiuze. Zuio la muda hutolewa kesi ikiendelea, la kudumu huja na hukumu.

Faini nayo haina "yangu". Huku kwetu "amande", lile neno la Kifaransa la faini, hubeba karibu kila pesa anayotozwa mkosaji, ndipo ulipoteleza. Faini huingia hazina ya Serikali. Pesa ya kuziba hasara yako ni fidia, neno la Kiarabu lenye asili ya kukomboa. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Sikiliza pia vitenzi vyake: faini hutozwa, fidia hulipwa.

Katika sheria za kiraia za Kongo, ibara ya 258 ya dekreti ya 30 Julai 1888 inamtaka aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake "réparer". Wengi hutafsiri "kutengeneza". Hapana, kinachotengenezwa ni baiskeli, hasara hufidiwa.

Na sabuni za huyo mwigaji zilizobaki depo? Zikitaifishwa zinakuwa mali ya taifa, neno lenyewe linasema. Ukitaka zisionekane tena sokoni, omba ziteketezwe.

Yote haya, mahakama za Tanzania huyaita nafuu: "mdai anaomba nafuu zifuatazo". Ndiyo nafuu ileile ya mgonjwa, na mimi nalipenda kuliko neno lolote la kisheria tulilonalo.

Basi andika: "Naomba tribinali imzuie kuuza sabuni yenye chapa inayofanana na yangu, imwamuru anilipe fidia ya hasara niliyopata, na sabuni zilizokamatwa ziteketezwe." Avoka wako, yaani wakili, ataigeuza Kifaransa. Nakala ya Kiswahili mpelekee shemeji.