Maswali Yenu: Kipande cha gazeti kisicho na mwaka

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu alituachia bahasha ya vipande vya magazeti vya habari za Lindi. Kimoja kinasema mkutano wa CCM ulifanyika "jana, Jumamosi, 12 Machi", mwaka haupo. Nyuma yake kuna nusu ya tangazo la tende za futari. Tutaujuaje mwaka? Na vimeanza kuchanika, tuvitie selotepu? – *Msomaji, Lindi Mjini*

JIBU: Mmefanya vizuri kugeuza nyuma; wengi hawageuzi.

CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, kwa hiyo miaka ya TANU, chama kilichoitangulia, imeondoka. Tangu hapo hadi 2005, 12 Machi iliangukia Jumamosi mara 5: 1977, 1983, 1988, 1994 na 2005. Sasa tende. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 1977 ilianza Agosti, 1983 Juni, 1988 Aprili, 2005 Oktoba. Ni 1994 pekee ilipoanza katikati ya Februari na kwisha katikati ya Machi. Gazeti lenu ni la Jumapili, 13 Machi 1994.

Kwa vipande vingine, tazameni majina ya utawala. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, hivyo habari inayoutaja haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. "Jimbo la Kusini" ni la zamani zaidi, la enzi ya ukoloni na mwanzo wa uhuru (msilichanganye na jimbo la uchaguzi wala la Kanisa). Tangazo la basi la Dar es Salaam likitaja pantoni ya Ndundu, ni la kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003.

Mtego uko kwenye makala za kumbukumbu. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 kinaweza kusimuliwa gazetini miaka 40 baadaye. Ndiyo maana tangazo la biashara ni shahidi bora: muuza tende hana haja ya kuzungumzia mwaka juzi.

Selotepu, hapana. Gundi yake hupenya karatasi, hugeuka kahawia na kula maandishi. Kulaminisha ni kubaya zaidi, maana hakutenguliki. Karatasi ya gazeti ina asidi yake yenyewe. Mwanga na unyevu wa pwani huiharakisha tu.

Pigeni picha kwanza, pande zote mbili, kando ya dirisha lenye kivuli, bila flashi, rula ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Mkipata skana, nukta 300 kwa inchi zatosha. Kisha vilazeni bila kukunja, kila kimoja katikati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje, kuepuka mchwa na unyevu.

Tarehe iandikwe kwenye karatasi ya kufunikia, kwa penseli. Mwaka mliouchambua wenyewe uwekeni ndani ya mabano, [1994], ili wajukuu wasidhani ulichapwa.