Robo Tatu Ni Vitu Vitatu: kwa mwalimu anayeanza kufundisha kugawanya sehemu

Mwalimu mwenzangu uliyepewa hisabati ya darasa la tano au la sita, kabla hujaigusa mada ya kugawanya sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/4, andika ubaoni swali hili moja: 6 ÷ 1/2. Usifundishe chochote. Waache wajibu kimya kwenye madaftari, kisha pita katikati ya madawati usome. Mwaka wangu wa kwanza karibu darasa zima liliniandikia 3. Nilidhani hawakusoma swali, nikawapa kanuni: "Pindua ya pili, zidisha," yaani 1/2 iwe 2/1, kisha 6 × 2/1. Wakapata 12, nikaweka alama za vema, tukaendelea. Kwenye jaribio la wiki tatu baadaye zile 3 zilirudi, tena zimekuja na majibu mengine ambayo sikuelewa yametoka wapi.

Nilichelewa kugundua kwamba wale watoto walijua kuhesabu. Walichojibu ni Kiswahili walichokisikia. Mtoto akiambiwa nyumbani "gawa huo mkate nusu kwa nusu," anaukata vipande viwili. Ukimwambia "gawanya sita kwa nusu," sikio lake linapokea maneno yaleyale ya nyumbani, na 3 ni jibu sahihi la swali alilolisikia. Tofauti yote imebebwa na mpangilio wa maneno mawili madogo, "kwa" na "nusu", nasi tunayatamka mbio.

Usione haya kama hata wewe hujawahi kulifikiria hili. Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha matokeo ya kuwauliza walimu wa shule za msingi wakokotoe 1 3/4 ÷ 1/2, kisha watunge hadithi inayolingana na swali hilo. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 21 walijaribu kukokotoa na 9 tu wakafika kwenye jibu kamili. Walimu wote 72 wa China walipata. Lakini kilichonigusa mimi ni hadithi: kati ya wale 23 mmoja tu ndiye aliyetunga hadithi iliyo sahihi, na kosa lililojitokeza zaidi lilikuwa kugawanya kwa mbili badala ya kugawanya kwa nusu. Ni kosa lilelile la darasa langu, kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kubadili kitenzi. Tangu darasa la pili tumewazoesha kwamba kugawanya ni kugawana: maembe 12, watoto 4, kila mmoja apate mangapi? Picha hiyo inakufa ukifika kwenye sehemu, maana huwezi kuwagawia maembe nusu ya mtoto. Tumia "kupima". Lita 6 za mafuta ya kula, kipimo cha nusu lita: utapima mara ngapi mpaka dumu liishe? Mtoto aliyewahi kutumwa dukani anajibu 12 bila kalamu. Hapo ndipo umwonyeshe kwamba alichofanya kinaandikwa 6 ÷ 1/2, na kwamba jibu limekuwa kubwa kuliko 6 kwa sababu kipimo ni kidogo. Kaa hapo kipindi kizima. Badilisha kipimo: robo lita, thumuni (1/8) ya lita. Waulize kila mara, kabla ya kukokotoa, jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko tulichoanza nacho.

Sasa nikupe zawadi ambayo lugha yetu inakupa bure. Tunaposema "robo tatu" tumeshalisema somo lote. Robo ni jina la kitu, tatu ni idadi yake, kama vile chungwa na machungwa matatu. Asili, ile namba ya chini, ndiyo jina; kiasi, ile ya juu, ndicho idadi. Mtoto akilishika hilo, 3/4 ÷ 1/4 si hesabu ngumu: nina robo tatu, napima kwa robo moja moja, nitapima mara 3. Theluthi mbili kwa sudusi, yaani 2/3 ÷ 1/6, je? Majina hayafanani. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 3 na kwa 6 bila baki), theluthi mbili zigeuke sudusi nne, upime kwa sudusi moja, upate 4. Hata 3/4 ÷ 2/5 inaingia: 15/20 ÷ 8/20, na kwa kuwa majina sasa ni mamoja, unabaki na 15 ÷ 8, yaani 1 7/8. Mimi hufundisha njia hii kabla ya kupindua. Ni ndefu kidogo, lakini mtoto anaona kila hatua inakotoka.

Kupindua huja baadaye, tena kwa sababu yake. Rudi kwenye lita 6. Ukipima kwa robo lita unapata mara 24, yaani 6 × 4. Sasa chukua chupa ya robo tatu lita. Kila chupa inameza robo 3, basi zile 24 zigawe kwa 3, unapata chupa 8. Tumezidisha kwa 4, tukagawanya kwa 3: ndiyo kuzidisha kwa 4/3. Andika polepole, mwaka huu na mwaka kesho, hata kama unaona wameshaelewa.

Hapa sasa ndipo pa kutulia zaidi. Fundi ana kitambaa cha mita 2, na kila mfuko unatumia 3/4 ya mita. Anapata mifuko mingapi? Wape kamba ya mita 2 waipime wenyewe. Watapata mifuko 2, na kipande cha nusu mita kitabaki mkononi. Wataandika 2 1/2. Kisha kanuni itawapa 2 2/3, na darasa litagawanyika. Usiwaokoe haraka. Waulize: hicho kipande ni nusu ya nini? Ni nusu ya mita. Na jibu letu tunahesabu nini, mita au mifuko? Kipande kina robo 2, mfuko unataka robo 3, kwa hiyo ni theluthi mbili za mfuko. Nimeona watoto walioitwa wazito wakilieleza hili vizuri kuliko wenye mbio, kwa kuwa wao walishika kamba na wenzao walikimbilia kanuni.

Makosa mengine utayakuta tu: kupindua ya kwanza, kupindua zote mbili. Moja liangalie sana, la namba mchanganyiko. Kwenye 3 ÷ 1 1/2 mtoto anapindua nusu peke yake, anaandika 3 × 1 2/1, anapata 9. Muulize kipimo cha lita moja na nusu kitaingia mara ngapi kwenye lita 3. Atacheka mwenyewe, ataifuta 9. Kisha mfanye ageuze kwanza 1 1/2 kuwa sehemu guni, ile ambayo namba ya juu ni kubwa kuliko ya chini: 3/2.

Vifaa visikutishe, hata ukiwa na watoto 80. Kurasa za madaftari ya zamani zinatosha. Kata karatasi nyembamba yenye urefu wa mistari 12: nusu ni mistari 6, theluthi 4, robo 3, sudusi 2. Hakuna haja ya kukunja kwa kubahatisha, na theluthi ndiyo inayowashinda kukunja.

Mwishoni mwa mada siwapi maswali ishirini ya kukokotoa. Nawapa lile la 1 3/4 ÷ 1/2 na kuwaambia watunge hadithi. Mwaka fulani msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima nilikuwa nikimwekea mkasi, ile alama ya kukosa, aliandika: "Bibi ana unga kilo moja na robo tatu. Kila siku anapika nusu kilo. Unga utatosha siku tatu, na siku ya nne tutakula nusu ya chakula."