Mdogo Wangu, Usikope Pesa ya Kitanda

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kuresoi aliniandikia saa nne usiku. "Auntie, niliona ile kazi yako ya ukutani. Nataka kuanza kufuma. Chama kimekubali kunikopesha elfu ishirini ninunue kitanda cha kufumia. Ninunue cha aina gani?"

Kazi anayoisema ni zulia la sufu la mita tatu linaloning'inia kwenye hoteli moja Naivasha. Ndiyo, ni langu. Nimelitaja hapa mara nyingi na nitalitaja tena, maana lilinila miezi minne na kijijini kwetu hakuna aliyeamini kuna mtu angelipa pesa kwa blanketi la kutazamwa.

Nilisoma ujumbe wake nikacheka, kisha kicheko kikaisha. Nilijiona mimi mwaka 2016: chama, elfu ishirini, na haraka.

Ninaishi juu ya Elburgon, upande wa kwenda Molo, ambako Julai mtu hula ugali akiwa na koti. Kila boma lina viazi na kondoo. Kondoo hufugwa kwa ajili ya nyama, na wakati huo majirani zangu wakishawanyoa, manyoya walikuwa wanayatupa shimoni au wanajazia mito. Nikapiga hesabu: sufu ya bure, na Elburgon mji wa mbao. Nilikosa kitanda tu. Kusokota, kutanda nyuzi, kupaka rangi, hayo nilidhani yangejileta yenyewe.

Nikaenda kwa fundi na picha niliyochapishiwa saiba. "Nataka kitanda." Akauliza, "Futi tano kwa sita?" Nikamweleza ni cha kufumia. Akasema hajawahi kutengeneza, lakini mbao ni mbao. Akanijengea cha saiprasi kwa elfu kumi na nane. Kilinukia vizuri ajabu, nyumba nzima ikawa kama msitu. Harufu ile ndiyo ingenishtua: saiprasi ikinukia hivyo, huenda bado ina maji.

Januari jua likawaka, mbao zikakauka, zikajipinda. Ile miti ya mbele na ya nyuma, inayoshika nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, ikaacha kutazamana. Upande wa kushoto nyuzi zimekaza kama za gitaa, upande wa kulia zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kila nilichofuma kilitoka pembe moja juu, nyingine chini. Nilirudi kwa fundi nikagomba hadi wateja wake wakasimama kutazama. Akaniambia, "Mama, nilikuambia tungoje zikauke, ukasema una haraka." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimesahau.

Mkopo niliulipa kwa viazi. Kila mkutano wa chama hakukosa mmoja wa kuniuliza kama kitanda kinalalika. Nilicheka nao. Lakini sauti zao nazikumbuka hadi leo, na ninajua ni nani na nani.

Aliyeniokoa ni shosho mmoja wa kanisani kwetu. Alinitazama akaniuliza swali moja: "Uzi wako uko wapi?" Sikuwa nao. Nilikuwa nanunua uzi wa dukani. Akachukua kijiti, akakichomeka kwenye kiazi, akakizungusha pajani, na sufu ikaanza kuteremka ikiwa uzi. Kiazi! Mimi nina gunia zima nyumbani na sijawahi kukitazama namna hiyo. Kwa kufumia akanipigilia misumari kwenye fremu ya vipande vinne vya mbao vilivyobaki kwa fundi. Gharama yake haikufika shilingi mia tatu. Kwenye fremu hiyo nilikaa miaka miwili.

Miaka hiyo sina la kuisimulia. Nilisokota.

Ila sufu ya kwanza niliiharibu, na hili lishike. Niliiloweka kwenye maji moto ya sabuni, vizuri, kisha nikaifikicha kama soksi. Ikashikana ikawa kitu kigumu kama mkeka. Sufu huloweshwa ikaachwa itulie. Usiikoroge wala kuihamisha ghafla kutoka maji moto hadi baridi. Kabla ya rangi unaichemsha polepole na shabu (alum), mimi hutumia gramu 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, ndipo rangi ishike. Maganda ya vitunguu hutoa manjano inayoelekea chungwa, na wauzaji sokoni huyatoa bure ukiwasalimia vizuri.

Mwaka 2019 ndipo nilinunua kitanda cha pili, cha mitumba, mbao zake zikinizidi umri, na kwa pesa ya uzi na vizulia. Si ya chama. Oda yangu ya kwanza kubwa ikawa skafu nne za wasimamizi wa harusi, kila moja mita 1.8. Nne mara 1.8 ni 7.2, nikatanda mita saba na nusu, nyuzi 200, nikijiona mjanja. Hiyo ni mita 1,500 za uzi wa mkono. Sikujua kwamba kipande cha mwisho kinachofungwa kwenye mti hakifumiki, na kwamba mtande hujikunja ukipanda na kushuka kupitia mshindio, ule uzi unaopitishwa kwa upana. Skafu ya nne iliishia sentimita 85. Nikaziosha zile tatu, kila moja ikapungua kama sentimita 15. Msimamizi mmoja alienda harusini shingo wazi. Siku hizi naongeza asilimia 10 ya kujikunja, nyingine 10 ya kuoshwa, na juu yake mita moja ya kufungia. Andika kwenye daftari, si kichwani.

Sasa la pesa, na hapa nitasema kwa ukali. Usimwachie mtu mali.

Wiki ile Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, Desemba 2021, nilikuwa nazunguka madukani na skafu 11. Mwenye duka mmoja akasema, "Acha hapa, zikiuzwa nakutumia M-Pesa." Nikaacha, nikashukuru hata. Nilipopiga simu, hazijauzwa. Nikapiga tena, biashara ni mbaya. Kisha siku moja nikapanda matatu ya Njoro, na mbele yangu mwanamke amevaa skafu yangu. Ile ya vitunguu, yenye kosa la nyuzi mbili pembeni ninalolijua mimi. Nikamuuliza aliinunua bei gani. "Elfu tatu na mia tano." Nikamwambia imempendeza. Sikupata hata shilingi.

Wasichana wetu mnapenda kuonekana wapole. Upole usiuweke kwenye bei. Hesabu saa zako, hesabu kuni za kuchemshia, taja bei, kisha nyamaza. Wakikuambia soko la mitumba la Gikomba kuna ya mia moja, waonyeshe njia ya Gikomba. Na ukisema unafuma, wengi watadhani ni vile vitambaa vya makochi. Usigombane nao. Wengine ndio watakaonunua.

Kwa hiyo nilimjibu: rudisha pesa ya chama, tafuta kiazi na kijiti, ukimaliza kusokota kilo moja nipigie. Nikamtumia na picha ya kile kitanda changu cha saiprasi, ambacho sasa kiko nyuma ya jikoni na kuku hulala juu yake, ili aone nilichomaanisha.

Jana ameniuliza kama kinauzwa. Sijamjibu.