Anza na aliyetoa taarifa: kusoma cheti cha kifo cha jamaa aliyepotelea ng'ambo

Nyumbani kwetu Mombasa, jina la kaka yake babu lilikuwa likitajwa mara moja kwa mwaka, siku ya hitima ya jamaa wote, na daima lilikuwa la mwisho. Alipanda meli ya Wazungu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaleta barua mbili tatu, ya mwisho ikiwa na muhuri wa posta wa Cardiff, mji wa bandari huko Wales, kisha kimya. Shangazi aliyeitunza ile bahasha alifariki bila kujua kama alikuwa akimwombea mtu aliye hai au marehemu. Mimi nilianza kumtafuta nikiwa sijawahi kushika cheti cha kifo cha Uingereza. Nimekosea mengi, na kwa kuwa si nyumba yetu peke yake iliyopoteza mtu melini, nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa.

Niwape moyo kwanza. England na Wales zimekuwa zikiandikisha vifo katika daftari la serikali tangu Julai 1837, na mtu yeyote anaweza kununua nakala ya cheti cha mtu yeyote. Hakuna atakayekuuliza una udugu gani na marehemu. Unaagiza kwa intaneti ukiwa Likoni au Muscat, na karatasi inakufikia kwa posta. Kazi ngumu ni kumpata mtu wako kwenye fahirisi, yaani orodha ya majina ya walioandikishwa, kabla hujalipa.

Fahirisi imepangwa kwa jina la ukoo, na wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Karani aliyeambiwa "fulani bin fulani" aliandika kadiri sikio lake lilivyomruhusu. Mara nyingine jina la baba ndilo lililogeuka ukoo, mara nyingine jina la mtu mwenyewe. "Bin" inaweza kuwa imegeuka Ben, ikakaa katikati kama jina kamili, au imegandamana na jina la baba likawa neno moja linaloanza na herufi B. Ali utamkuta kama Ally, Aly au Alli, na Mohamed ana sura nyingi zaidi. Chukua karatasi, mwombe mtu akutamkie jina haraka haraka, uliandike kama ambaye hajui Kiswahili wala Kiarabu, kisha utafute kila umbo uliloliandika. Kumbuka pia kwamba fahirisi ya taifa ilitokana na nakala: msajili wa wilaya aliandika daftari lake, akapeleka nakala makao makuu kila robo mwaka, na huko majina yakanakiliwa tena. Ukihisi herufi moja imeharibika njiani, iandikie ofisi ya usajili ya mji wenyewe, maana daftari la asili liko kwao.

Hadi 1983 fahirisi ilipangwa kwa robo mwaka, na robo hiyo ni ya siku kifo kilipoandikishwa, wala si siku mtu alipofariki. Aliyefariki mwisho wa Machi anaweza kuwa kwenye robo ya Juni, yaani ya Aprili hadi Juni. Kama kulikuwa na uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo chake, msogeze mbele zaidi. Tangu 1866 umri nao umo kwenye fahirisi, lakini usiung'ang'anie sana. Baharia aliyezaliwa pwani yetu bila cheti cha kuzaliwa alikuwa na umri wa kukisia kwenye kila karatasi aliyopewa, na aliyekwenda kuandikisha kifo chake alikisia juu ya makisio hayo. Mimi humpa mtu miaka kumi huku na kumi huku.

Hata hivyo, cheti cha kwanza nilichonunua hakikuwa chake. Jina lilikaribiana, mji ni ule ule, umri ulielekea. Kilipofika nikakuta marehemu alizaliwa Aden na mjane wake ndiye aliyetoa taarifa. Nilisikitikia pesa zangu. Mama aliponisikia akasema basi na huyo tumuombee, huenda kwao hawajui. Tangu siku hiyo jina lake limo kwenye hitima yetu.

Cheti cha pili ndicho chenyewe, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu wengi hukisoma cheti kama matokeo ya mtihani: wanatazama tarehe, wanatazama ugonjwa, wanakikunja. Tarehe na ugonjwa ni sehemu ndogo tu ya kilichomo.

Tazama safu ya kazi. Katika vyeti vya kabla ya Aprili 1969 hakuna nafasi maalumu ya anwani ya marehemu, kwa hiyo mtu akifia hospitali, anwani ya kwake huingizwa humo humo kwenye safu ya kazi, kabla ya kazi yenyewe. Nilikaa na cheti wiki mbili nikidhani sina anwani ila ya hospitali, kumbe ilikuwa mbele ya macho yangu. Na usidanganywe na majina ya kazi. "Fireman" kwenye cheti cha baharia si zimamoto; ni mtu aliyeshinda chini kabisa ya meli akitupia makaa ya mawe kwenye tanuri. "Trimmer" ndiye aliyemsogezea makaa hayo kutoka ghalani. "Donkeyman" hana habari na punda; alisimamia mtambo mdogo wa melini. Babu yetu aliandikwa fireman, na mbele yake neno la kuonyesha kwamba ni kazi ya zamani. Neno hilo moja liliniambia kwamba alikufa akiwa ameshaachana na bahari. Miaka yake ya mwisho aliiishi nchi kavu.

Sababu ya kifo nayo isome kutoka juu kwenda chini. Katika vyeti vya miaka hiyo mstari wa (a) ni kilichommaliza, (b) ni kilichozaa hicho cha (a), na sehemu ya II ni maradhi mengine yaliyomdhoofisha. Babu alikuwa na nimonia juu, na chini yake bronkaitisi sugu. Nimonia ni ya siku chache. Bronkaitisi sugu ni ya miaka: mtu wa kukohoa kila asubuhi, wa kupanda ngazi kwa kupumzika. Ndiyo maana hakupanda meli tena, na nadhani ndiyo maana barua zilikatika. Aliyetoka kutafuta riziki haandiki nyumbani kwamba sasa anaumwa na hana kazi. Hayo ni mawazo yangu, hayamo kwenye cheti. Nawe tenga daftari mbili, moja ya yaliyoandikwa na moja ya unayoyadhani, yasije yakachanganyika. Ukikutana na vyeti vya zamani zaidi, neno "phthisis" ni kifua kikuu.

Mahali alipofia palikuwa Royal Hamadryad, hospitali ya mabaharia iliyokuwa bandarini Cardiff, iliyotibu mabaharia wa kila taifa. Nilitaka faili lake la ugonjwa. Kumbukumbu za wagonjwa kwa kawaida hufungwa kwa miaka 100, kwa hiyo nikaliacha.

Sasa safu ninayotaka muianze, ile ya mtoa taarifa. Cheti cha kifo ni ushahidi wa mtu aliye hai: alikwenda ofisini, akakaa mbele ya msajili, akasema. Sheria ilimlazimu msajili kuandika mtu huyo ni nani, anakaa wapi, na kwa haki gani anasema. Ikiwa ni mwana au mjane, umepata jamaa usiowajua. Ikiwa ni msimamizi wa nyumba ya maskini au ofisa wa hospitali, huenda hakuwa na mtu karibu. Ikiwa ni hakimu wa uchunguzi wa vifo, kimbilia magazeti ya mji huo ya wiki ile, kwa sababu mafaili mengi ya uchunguzi hayakuhifadhiwa, na habari ya gazetini mara nyingi ndiyo iliyosalia. Na kuna maelezo mengine ambayo mgeni huyapita: kwamba mtoa taarifa ndiye anayesimamia mazishi. Hayo huandikwa pale anayesema si jamaa wala mwenye nyumba, ila amejitwika jukumu la kumzika.

Kwenye cheti cha babu ndivyo ilivyoandikwa, na anwani ya mtu huyo ilikuwa ile ile ya babu.

Nikaipeleka anwani hiyo kwenye daftari la wakazi la 29 Septemba 1939, lililoandikwa vita vilipoanza ili watu wapewe vitambulisho. Lithamini sana daftari hilo. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kati ya 1921 na 1951 England na Wales hazina hesabu nyingine ya watu nyumba kwa nyumba. Waliokuwa baharini siku hiyo hawamo. Babu alikuwamo, nchi kavu, katika nyumba ya kupanga ya mtaa wa Butetown, hapo hapo Cardiff, nyumba iliyojaa mabaharia watupu. Mstari wa pili chini ya jina lake lilikuwapo jina la yule aliyekuja kumzika. Kutoka siku hiyo hadi tarehe ya cheti ni miaka 15 na zaidi.

Ukienda Butetown leo kutafuta nyumba kama hiyo, chukua ramani ya zamani. Sehemu kubwa ya mtaa ilibomolewa miaka ya 1960. Daftari la makaburi la mji lilinisaidia zaidi, kwa sababu lina namba ya kaburi hata pasipo na jiwe.

Kama humpati mtu wako kabisa, usikate tamaa kabla ya kutazama vifo vya baharini, vina fahirisi yao peke yake. Na kama alipotea wakati wa vita, tafuta jina lake katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure. Ukumbusho wa Tower Hill, London, umeandikwa maelfu ya mabaharia wa meli za biashara wasio na kaburi ila bahari.

Mimi sasa namtafuta yule mtoa taarifa. Jina lake, kwa jinsi karani alivyoliharibu, nalisikia la pwani yetu. Naye lazima alifariki, na kuna mtu aliyekwenda kwa msajili kusema hivyo. Nimeshaandika sura 14 za jina lake, na nimefika robo ya Septemba 1961.